Pazia la Mkono wa Kwanza

Mama mkubwa wangu ni fundi rangi. Simaanishi rangi za kucha, namaanisha za ukuta. Ukipita mtaani ukaona nyumba ambayo kona zake zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe, na rangi ya juu haijaigusa ya chini hata kwa bahati mbaya, ujue ni mkono wake. Ana suruali moja ya kazi iliyoshika rangi mpaka ukiiegemeza mlangoni inasimama yenyewe. Baba mkubwa husema ipo siku ataiamkia ile suruali akidhani ni mkewe. Mama mkubwa humwambia bora, maana suruali haitamwomba chai.

Watu walimzoea kwa shida. Zamani akifika kwenye nyumba ya mtu na ndoo zake, mwenye nyumba alikuwa akichungulia nyuma yake.

"Fundi mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Ndiye huyu kachoka kubeba ngazi. Nipishe nipite."

Siku hizi hawaulizi tena. Wanangojea zamu.

Ana mwiko mmoja kazini. Kabla hajafungua kopo, hutundika shuka kuukuu mlangoni, shuka lenye madoa ya kila rangi aliyowahi kupaka. Likishatundikwa, haingii mtu. Mwenye nyumba haingii, jirani haingii, sisi wa nyumbani tunaompelekea chakula tunakiacha kizingitini na kugonga. Anachoficha ni mkono wa kwanza, yaani ile rangi ya mwanzo inayopakwa ukutani. Ukuta huinywa rangi hiyo kama mwenye kiu, hapa ikazama, pale ikabaki, na ukuta mzima unatoka mabakamabaka. Uzuri huja na mkono wa pili.

"Mtu akiona mkono wa kwanza anapata homa," huniambia. "Ghafla anakumbuka ana shemeji yake anayejua kupaka."

Hasemi hivyo kwa mzaha tu. Alipokuwa anaanza kazi, mwenye nyumba mmoja aliingia katikati, akaangalia ukuta, akashika kiuno, na kazi ikaishia pale. Toka siku ile, shuka.

Sasa nimseme mwanawe, maana habari hii ni yao wote wawili. Ni kitinda mimba, yuko darasa la tatu, na sisi tunamwita Raba. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu ya vifutio vyake. Watoto wengine hupoteza kalamu, wengine hupoteza viatu. Raba alikuwa anamaliza vifutio. Kipya kikinunuliwa, baada ya siku chache kinakuwa kama punje ya harage.

Akitoka shule anakaa mezani sebuleni, jua bado kali nje, wenzake wanapiga mpira ukutani kwa jirani, du, du, du. Anaandika tarehe. Anaitazama. Mkia wa saba umepinda. Anafuta, anapuliza, anaandika tena. Sasa saba imenyooka lakini imekuwa nene kuliko wenzake. Anafuta. Karatasi inaanza kung'aa, halafu inakuwa laini kama kitambaa, halafu inatoboka. Karatasi yenye tundu haiwezi kupelekwa kwa mwalimu, kwa hiyo anaichana, na kazi inaanza upya kutoka kwenye tarehe. Daftari lake lilikuwa limekonda kama limetoka hospitali.

Na si kwamba hajui. Mimi nikiosha vyombo nilikuwa namuuliza, saba mara nane? Hamsini na sita, mkono wangu haujatoka majini. Nilichoweza kumuuliza kilikuwa hicho tu, kwa sababu shule yenyewe niliiacha darasa la nne mama yangu alipougua. Lakini macho ninayo. Nilikuwa naona chakula chake kinapoa, wenzake wanaitwa majumbani, na yeye bado yuko kwenye hesabu ya pili, machozi yanadondokea hesabu ya kwanza. Asubuhi anamwambia mwalimu kalisahau daftari nyumbani.

Mwalimu akamwita mama yake. Tukaenda pamoja, mama mkubwa katoka kazini moja kwa moja na suruali yake. Mwalimu ni dada mmoja mpole, anaongea huku anapangusa chaki kwenye vidole.

"Mama, mtoto wako ana akili," alisema. "Nikimuuliza kwa mdomo ananijibu kuliko wote. Lakini mimi nitampaje alama kwa kazi ambayo sijaiona? Mwisho wa muhula tunaangalia kazi. Hizi za wiki zilizobaki asipozileta, wenzake watapanda darasa la nne, yeye atabaki."

"Hata moja asikose?"

"Aniletee tu, mama. Hata zikiwa na makosa. Makosa mimi ndiyo kazi yangu."

Raba alikuwa kashika suruali ya mama yake kwa mikono yote miwili. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akauliza, "Nikibaki, nitakaa na wale wadogo?" Mama mkubwa akasema hutabaki. Lakini alisema haraka mno, na Raba si mjinga.

Basi mama mkubwa akaanza kumsaidia. Mungu amsamehe.

Kwanza alitumia ukali. Alikichukua kifutio akakiweka juu ya kabati. Raba akalowanisha kidole kwa mate akafutia hicho, na tundu lililotoka siku ile lilikuwa kubwa kuliko yote, ungeweza kupitisha kifungo cha koti.

Pili alitumia ufundi. "Nimelijua tatizo," alisema jioni moja, amechangamka kweli. "Ni mistari. Huyu hana mpaka." Akaleta tepu yake ya kazini, ile anayobandika chini ya dari ili rangi isivuke, akaibandika kwenye ukurasa, juu na chini ya kila mstari. Mambo yakawa mazuri ajabu. Raba anaandika, anatabasamu, tarakimu zimesimama kama askari. Alipomaliza, mama mkubwa akashika ncha ya tepu na kuivuta kama anavyoivuta ukutani, kwa mkupuo mmoja.

Ukurasa ukaja nao.

Tulibaki tunaitazama ile tepu inavyoning'inia na hesabu sita. Baba mkubwa alikuwa anavaa viatu aende kazini zamu ya usiku, akatuangalia, akaiangalia tepu.

"Mpelekeeni mwalimu hivyohivyo," alisema. "Abandike kwenye ubao."

Tulicheka wote, hata Raba. Kisha akakumbuka kwamba ile ilikuwa kazi ya kesho, kicheko kikageuka kilio hapohapo.

Tatu, aliamua kukaa naye bega kwa bega, amtie moyo. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele.

"Hiyo tano iko sawa, mwanangu. Endelea."

"Haiko sawa. Tumbo lake limelala."

"Halijalala."

"Angalia, Mama."

Mama mkubwa akainama. Akaitazama ile tano kutoka kushoto, akaitazama kutoka kulia, akafumba jicho moja kama anavyofanya anapopima kona. Nikajua tumekwisha.

"Ni kweli," alisema. "Limelala kidogo."

Na akakichukua kifutio yeye mwenyewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini nyoka siku ile walikuwa wawili kwenye karatasi moja. Nikajiinamia kwenye ungo nisionekane nacheka. Walipofika tarakimu ya nne giza lilishaingia, na ndipo Raba alipoiweka penseli mezani.

"Mama, wewe hukosei hata siku moja. Mimi kwa nini nakosea?"

"Nani kakwambia sikosei?"

"Kuta zako nimeziona zote."

Nilimwona mama mkubwa anatazama pale kwenye kiti ambapo shuka lake la kazi lilikuwa limekunjwa. Alilitazama muda mrefu. Mtoto huyu amekua akiletwa kwenye kila nyumba iliyokwisha, ashike ukuta aone ulivyo laini, na hajawahi hata mara moja kuvuka lile shuka. Kwa akili yake, mama yake huingia ndani na kopo, na ukuta hutoka mzuri, basi.

"Kesho Jumamosi," alisema mwishoni. "Utakuja na mimi kazini. Na wewe binti, uje utushikie ngazi."

Kazi ilikuwa kwa kinyozi wa barabara ya juu. Alishatoa kiti chake nje, kioo kakitundika kwenye msumari, ananyoa watu kivulini huku akipiga soga. Ndani kuta zilikuwa zimebadilika rangi kwa mafuta ya vichwa vya watu, mama mkubwa akawa ameshaziziba nyufa na kuzipiga msasa tangu jana yake. Rangi aliyoichagua kinyozi ni kijani, ya jani changa.

Shuka likatundikwa. Raba akasimama nje kama alivyozoea.

"Ingia," mama yake akamwambia.

Akageuka nyuma kuangalia anaambiwa nani.

"Wewe, Raba. Ingia kabla nzi hawajakutangulia."

Tukaingia. Mama mkubwa akachovya rola, akaanza. Ukuta ukainywa rangi. Kule juu ilikaa, katikati ikazama, chini uchafu wa zamani ukawa unachungulia kama mtu nyuma ya pazia. Raba alitoa macho.

"Mama. Umekosea."

"Sijakosea. Huu ndio mkono wa kwanza."

"Ni mbaya."

"Mbaya sana."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaendelea."

Na akaendelea. Alimaliza ukuta mzima bila kugeuka nyuma, akaingia wa pili. Raba alikuwa anatembea karibu na ukuta na mikono nyuma kama mkaguzi, na nilijua roho inamuuma. Mama yake alipokuwa juu ya ngazi, mimi nimeshikilia chini, mtoto akaliona tone limetiririka karibu na mlango na kuacha mkia. Akaokota brashi ndogo. Nilimwona, lakini ngazi ningeiachaje?

Rangi ilikuwa imeshaanza kushika. Alipoipitisha brashi, ikavutika na kukunjamana kama utando wa maziwa. Akapitisha tena ili arekebishe. Ikazidi. Alipoishiwa pumzi, doa lilikuwa kubwa kama sinia, na analia bila sauti.

Mama mkubwa akashuka. Mimi nilishajiandaa kwa kelele, maana kwa kuta zake hana undugu. Akasimama mbele ya lile doa. Mkono wake ukaiendea brashi, nikauona ulivyoiendea wenyewe. Kisha ukarudi.

"Acha, mwanangu."

"Nitalitengeneza, Mama. Niache nilitengeneze."

"Utaliumiza. Rangi ikianza kushika huigusi, ukiigusa unaichuna. Ikikauka tutaisugua, tuipake mkono wa pili."

"Na saa hizi?"

"Saa hizi tunakunywa chai."

Akageuza ndoo tupu akaikalia, uso wake kwenye doa. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa. Alikuwa anakunywa huku mguu unamchezacheza.

"Linakuwasha, Mama?"

"Linaniwasha kama upele. Nipe mkate, nisije nikainuka."

Raba akacheka kidogo, kamasi bado zinamtoka. Na hapo ndipo shuka lilipofunuliwa. Kinyozi alikuwa anatafuta mkasi wake aliousahau ndani. Akaingiza kichwa, akaona, akabaki kaduwaa pale mlangoni.

"Mama! Hii ndiyo rangi yangu?"

Nilimtazama mama mkubwa. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuuona ukuta wake ukiwa hivyo. Nilidhani atasimama alivute shuka. Hakusimama.

"Ndiyo, kaka. Karibu."

"Mbona ukuta kama umeshikwa na ukurutu?"

Nyuma yake akatokea mteja aliyekuwa ananyolewa, kitambaa bado kimefungwa shingoni, naye anataka kuona ukurutu. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa unang'aa kama yai, upande mwingine msitu. Mama mkubwa akamwelekezea kipande cha mkate.

"Na huyu nani kamnyoa hivi?"

"Huyu si sijammaliza?"

"Ahaa."

Kinyozi akamtazama mteja wake. Akautazama ukuta. Akaanza kucheka mpaka akajishika magoti.

"Mama, hapo umenifunga goli la kisigino."

"Mtoe nje umalizie. Akipita mtu akimwona hivyo, duka lako halifunguki."

"Jamani nirudi kwenye kiti?" mteja akauliza, na mkono kajishika upande ule wenye nywele. Raba alicheka hadi chai ikampalia. Alikuwa anamwangalia yule mtu, halafu ukuta, halafu yule mtu.

Mchana rangi ilipokauka walilisugua lile doa kwa msasa, mama na mwana, wakapaka mkono wa pili. Ukuta ukawa jani changa kutoka juu hadi chini. Raba akaenda pale karibu na mlango, akasogeza uso ubavuni mwa ukuta, mwanga unapopita.

"Bado linaonekana kidogo."

"Naliona," mama mkubwa akasema.

"Utaliacha?"

Nilikuwa naosha rola kwenye ndoo na nikaacha kuosha ili nisikie.

"Kinyozi anafungua kesho," alisema. "Nitaliacha."

Akaliteremsha shuka mlangoni, akalikunja upesi kuliko kawaida yake, kama mtu anayeogopa kubadili nia.

Kuanzia hapo kazi ya shule ilifanywa kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza, Raba anaandika tangu tarehe hadi mwisho, kifutio kiko mfukoni mwa suruali ya mama yake. Kila mstari akiumaliza, mimi naufunika kwa kipande cha shuka tulichokata pembeni, asiuone. Akifika mwisho anatoka nje anacheza mpira, ili ukurasa ukauke. Akirudi ndio mkono wa pili: anapewa kifutio, anatengeneza pale tu ambapo mtu mwingine akisoma hataelewa. Mtu mwingine mwenyewe ndiye mimi. Nikiweza kuisoma, imepita.

Usidhani ilikuwa teremko. Siku za mwanzo alikuwa anainua ncha ya kitambaa.

"Dada, nichungulie kidogo tu."

"Rangi haijakauka."

"Herufi moja."

"Utaichuna."

Jioni moja alichana ukurasa kwa hasira na kuutupa chini ya meza, tukarudi kwenye tarehe kama zamani. Jioni nyingine mama mkubwa alitoka jikoni, akainamia daftari, nikamwona jicho moja linaanza kufumba. Nikasema, "Mama mkubwa, kuna kitu kinaungua." Hakuna kilichokuwa kinaungua, lakini alirudi jikoni. Kidogo kidogo mpira wa Raba ukaanza kusikika ukutani kabla jua halijachwea, na ugomvi wa mpira pia, na magoti yakaanza kurudi na michubuko.

Kazi zikaenda shuleni moja baada ya nyingine. Iliyobaki ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na kuchora. Maduara matatu, yagawanywe vipande, na hesabu za sehemu chini yake. Duara la tatu lilitoka limebonyea. Aliliona hata kabla sijalifunika. Alitoka kucheza lakini hakucheza, alikaa kizingitini. Akarudi kwa mkono wa pili, akalifuta, akachora, likabonyea upande mwingine. Mkono ukarudi kwenye kifutio.

"Dada, unaweza kulisoma?"

"Naweza. Ni duara, na umeligawa vipande vinne."

"Lakini ni baya."

Mama mkubwa alikuwa kasimama mlangoni. Raba akalitazama duara lake, midomo kaibana. Kisha akalifunga daftari, akalitia mkobani, akaivuta zipu mpaka mwisho, na kuukalia mkoba kabisa asije akaufungua. Alikula chakula chake akiwa juu ya mkoba.

Daftari likarudi siku iliyofuata. Aliingia nalo mkononi, mimi na mama mkubwa tukaacha tulichokuwa tunafanya. Alama za vyema zilikuwa zimejaa ukurasa mzima, na katikati yake mkwaju mmoja mwekundu. Duara hakuna aliyeligusa. Iliyokosewa ilikuwa hesabu ya tano.

Tulimngojea alie.

"Niliandika moja ya nne, ni mbili ya nne," alisema, kidole juu ya mkwaju. "Nilisahau kujumlisha." Akaliweka daftari mezani likiwa wazi, akainama kufunga kamba za kiatu. "Wameshaanza mpira?"

"Wameanza," nikamwambia.

Akatoka mbio.

"We mtoto!" mama mkubwa akampigia kelele. "Mwalimu kasemaje kuhusu darasa?"

"Napanda!" Alikuwa ameshafika kwenye kona, hata hakugeuka. "Tunapanda wote!"

Mama mkubwa alibaki mlangoni na mikono kaiweka mbali na fremu, maana vidole vyake bado vilikuwa na rangi mbichi. Alimsikiliza anavyobishana huko, nani kipa, nani si kipa.

"Weka maji ya kuoga motoni," aliniambia. "Huyo atarudi vumbi tupu."

Nikaenda kuweka maji. Nilimsikia nyuma yangu anaimba kwa pua, wimbo hauna maneno, na sauti haikuwa nzuri.